Nilimvalisha mtoto polo neki

Wacha nianze na aibu yangu iishe mapema. Mwezi wa tatu mwaka huu nilipeleka mtoto deikea akiwa na tetekuwanga, siku mbili mfululizo, na nilijua. Jumatatu asubuhi nikimpaka mafuta niliona vipele vitatu shingoni, kimoja tayari kimeshika maji, kinang'aa kama tone la mafuta juu ya supu, nikajiambia ni joto tu, halafu nikafungua sanduku nikatoa polo neki ya kijani ya mtumba, ile ya kola ndefu inafunika shingo, nikamvalisha. Kayole hapa Nairobi, jua la mwezi wa tatu. Mtu mwenye anaamini ni vipele vya joto hamvalishi mtoto polo neki.

Sababu ni pesa, sitazunguka. Mimi huchapa. Kuna makaratasi ya zamani yameskaniwa, kompyuta inashindwa kuyasoma kwa sababu wino umefifia ama jedwali limepinda, kwa hivyo watu kama mimi tunayasoma kwa macho na kuyaandika upya, malipo ni kwa ukurasa. Ukichelewa kazi inarudi kwa foleni inanyakuliwa na mwingine, labda ako Manila, labda ako hapo tu Umoja. Wiki hiyo nilikuwa na kurasa mia mbili na kitu, na mtoto wa miaka mitatu anayejikuna hakai na mtu anayechapa jedwali.

Sasa sikia kichekesho. Kurasa zenyewe zilikuwa ripoti za daktari wa afya wa mji mmoja wa viwanda huko Uingereza, kuanzia 1900 mpaka karibu na vita ya kwanza ya dunia (siruhusiwi kuutaja, na kusema ukweli miji hiyo ukisoma mitatu ni kama umesoma yote). Kila mji ulikuwa na daktari kama huyo, ameajiriwa na baraza la mji, hatibu mtu sana, kazi yake ni kuhesabu na kufuatilia, nani amezaliwa, nani amekufa, amekufa na nini, mtaa gani, choo chao ni cha ndoo ama cha maji, maziwa wananunua wapi. Mwaka ukiisha anaandika kitabu. Kwa hivyo mimi usiku, mtoto amelala na vipele vyake hapo nyuma ya pazia, nachapa maneno ya mzee aliyekufa zamani analalamika kwa Kiingereza cha adabu sana kuhusu akina mama wanaoficha watoto wagonjwa na kuwatuma shule.

Nilitoa mikono kwa kibodi. Halafu nikairudisha, deadlini ni deadlini.

Kitu cha kwanza kilinishika ni mwaka 1899. Hapa kwetu ndio mwaka reli ilifika, Nairobi yenyewe ni matope na mahema, na huko ndio mwaka sheria ya kuripoti magonjwa ya kuambukiza ilifanywa lazima Uingereza yote na Wales. Ilikuwepo tangu 1889 lakini nje ya London kila mji uliamua wenyewe kama unaitaka. Ilisema daktari akikuta ugonjwa ulio kwenye orodha lazima aandike cheti kiende kwa daktari wa afya wa mji, na hata mkuu wa nyumba anatakiwa aseme. Sasa angalia pesa. Daktari analipwa kwa kila cheti, shilingi 2 na peni 6 kama ni mgonjwa wake binafsi, shilingi 1 kama ni wa taasisi ya umma. Mkuu wa nyumba halipwi kitu, akinyamaza anaweza kupigwa faini. Mzazi ndiye anaona kipele cha kwanza, na ndiye pekee kwenye mnyororo wote hana chochote anachopata kwa kusema.

Kwenye orodha kulikuwa na ndui, kipindupindu, taifodi, dondakoo, na ile wanaita skaleti fiva, homa ya koo ambayo mwili wote unakuwa mwekundu, ulimi kama stroberi, halafu ngozi inabambuka. Tetekuwanga haikuwemo kwa kawaida. Ndui ilipovamia London 1901 na 1902 ndio waliiongeza huko kwa muda, kwa sababu ndui ilikuwa inapita mlangoni ikijiita tetekuwanga. Surua pia haikuwemo, wala kifaduro, na hizo mbili ndizo zilikuwa zinabeba watoto wadogo kama mchezo. Nilidhani ni kosa la kuchapa nikarudi kuangalia. Kumbe walikuwa na hoja. Surua inaambukiza siku kadhaa kabla vipele vitoke, ukija kuripoti darasa zima lishapata, na tena mama hakuita daktari kwa surua, kila mtoto anapata si ndio, na daktari ni pesa. Hata ile bima ya 1911 ilimtibu mfanyakazi mwenyewe, mke na watoto hapana. Surua waliiweka kwenye orodha ya lazima nchi nzima 1916, wakaitoa mwisho wa 1919.

Kwa hivyo huyo daktari wa mji alijuaje surua imeingia? Kwa ticha. Hedimasta anaona viti kumi havina watu, anaandika majina, karatasi inatumwa. Ama anajua kwa njia ile mbaya, daftari la vifo.

Lakini sehemu ilinikalisha chini ni hospitali. Miji mingi ilijenga hospitali ya kutenga wagonjwa, nje kidogo ya mji, na ilijaa watoto wa skaleti fiva hasa. Gari la farasi linakuja hadi mlangoni, majirani wamesimama barazani wanaangalia, mtoto anafungwa blanketi anapelekwa peke yake. Wiki sita hivi. Si siku sita. Waliamini ile ngozi inayobambuka ndiyo inabeba ugonjwa kwa hivyo mtoto hatoki mpaka amalize kubambuka, nyayo zikiwa za mwisho. Leo tunajua kidudu kinakaa kooni na pua, na antibayotiki siku chache inamaliza maneno, ila hiyo dawa haikuwepo. Mzazi haingii wodini isipokuwa mtoto anakufa, wengine waliruhusiwa kusimama nje waangalie kwa dirisha. Kama umeleta mwanasesere ama kitabu kinabaki huko ama kinachomwa.

Na kwa miji kadhaa kulikuwa na hii ya namba. Mtoto akiingia anapewa namba, mzazi anaambiwa aikumbuke, halafu gazeti la jioni linachapisha namba za walio hatarini, za walio hali mbaya, za wanaoendelea vizuri. Hebu fikiria baba anatoka kiwandani, ananunua gazeti, anasimama hapo kwa kona anashuka na kidole akitafuta mtoto wake kati ya namba. Mimi nikituma mtoto deikea mama wa deikea asipojibu meseji kwa dakika ishirini natoka jasho.

Nyumbani nako hawajabaki salama. Inspekta wa afya anakuja, chumba kinafungwa, nyufa zinabandikwa karatasi, ndani inawashwa salfa ama inapigwa fomalini mpaka macho ya mtaa mzima yanawasha. Godoro na matandiko yanapelekwa kwenye mashine ya mvuke. Kama mgonjwa anaugulia nyumbani wananing'iniza shuka iliyoloweshwa dawa ya kaboliki mlangoni, eti izuie, na hiyo shuka ilikuwa kama bendera, kila anayepita anajua. Vitabu vya maktaba haviruhusiwi kurudishwa kienyeji. Na hii nayo, nguo za nyumba yenye ugonjwa haziruhusiwi kupelekwa kwa dobi kabla hazijauliwa vidudu, sheria.

Hapo ndio nilimkumbuka Mama Shiro.

Mama Shiro ni jirani, mlango wa tatu kutoka kwangu, na kazi yake ni kufulia watu nguo huko Donholm, anaenda nyumba kwa nyumba. Huko Uingereza wanawake wengi maskini walifanya hivyo hivyo, wajane hasa, nguo za matajiri zinaletwa nyumbani zinafuliwa jikoni zinapigwa pasi. Sasa mtoto wa mwanamke kama huyo akishikwa na skaleti fiva na akaripoti, amejifunga mwenyewe, kazi imekatika siku hiyo hiyo, wiki sita, na kodi ya nyumba haingojei ngozi ibambuke. Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na tunaisema kama vile anayeficha ni mjinga ama ana aibu. Mimi sikuwa na aibu ile Jumatatu. Nilikuwa na kurasa mia mbili.

Kuna wachache walielewa hii kitu. Leicester, mji ambao watu wake walikataa kabisa kulazimishwa chanjo ya ndui, na 1885 wakajaa barabarani maelfu kwa maelfu, walikuja na njia yao. Ndui ikitokea, ripoti haraka, mgonjwa hospitali, waliomgusa wanawekwa karantini, nyumba inasafishwa. Sisemi walikuwa sawa kukataa chanjo, hawakuwa, na ndui yenyewe dunia iliimaliza kwa chanjo. Ila walifanya kitu kimoja cha akili sana, wale waliowekwa karantini walifidiwa mshahara waliopoteza. Ukisema ukweli hulali njaa.

Huddersfield nako, 1904, meya anaitwa Benjamin Broadbent, tajiri wa vitambaa, alichukua mtaa mmoja wa Longwood akasema kila mtoto atakayezaliwa humo kipindi cha umeya wake akifika mwaka mmoja, mama anapewa pauni moja. Wakati huo Uingereza na Wales ilikuwa inapoteza karibu watoto 150 kwa kila 1,000 kabla hawajamaliza mwaka, zaidi kidogo kwa miaka mibaya, na kiangazi cha joto kuhara kunafagia. Chupa za maziwa zilikuwa na mrija mrefu wa mpira, mtoto ananyonya mwenyewe akiwa amelala, na huo mrija huwezi kuuosha ndani hata ungefanyaje. Mama wa Longwood walitembelewa nyumbani, wakaelezwa, na ile pauni ikiwa inawangoja. Baadaye, 1906, mji ukapata sheria yake kwamba mtoto akizaliwa ofisi ya afya iambiwe ndani ya saa 48, ndio mtu atumwe haraka. Najua kuna wenye watasema pauni moja ni hongo. Sawa, ni hongo. Mama alikuwa na sababu ya kufungua mlango.

Sisi tuna dada wa afya ya jamii, wale walipewa begi na simu 2023, elfu mia moja nchi nzima. Wetu ni mpole sana. Alikuja kwa ploti wiki ile ile, akauliza mlango kwa mlango kama kuna mtoto mgonjwa, nikasema kwangu tuko sawa. Polo neki iko kwa kamba imeanikwa.

Kuhusu hospitali zenyewe kama zilisaidia, nilichapa nikisoma na naona hapana, si kwa ile skaleti fiva, angalau si vile walivyotarajia. Mtoto anakaa wiki sita anarudi nyumbani na wiki moja mdogo wake anaanguka, walikuwa na jina la hao, wagonjwa wa kurudi. Ama anaingia na skaleti fiva anapatia dondakoo wodini. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa ushaanza kupoa makali bila mtu kuuambia. Lakini mtoto wa nyumba ya vyumba viwili watu tisa alilala kitanda chake peke yake, akala mara nne, hiyo pia si bure.

Dondakoo ndio walipata ushindi wa kweli. Koo linaota utando wa kijivu mtoto anakabwa akiwa macho, daktari anakata shingo aweke mrija apitishe hewa, wengi wanakufa bado. Halafu miaka ya 1890 Behring kule Ujerumani, na Roux kule Paris, wakaonyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya dondakoo inaweza kuokoa mtoto, wakawa wanatumia farasi. Behring akapata Nobeli ya kwanza kabisa ya tiba, 1901. Shida dawa ni ghali na inafanya kazi ukidungwa mapema, ukingoja siku ya nne nguvu yake imepungua sana, na maskini ndio walingoja. 1910 serikali ikaruhusu mabaraza yatoe hiyo dawa bure kwa wasio na uwezo. Tena pesa, unaona. Kuchanja watoto wote dhidi ya dondakoo Uingereza walichelewa mpaka 1940. Mimi nilichukua kadi ya kliniki ya mwanangu Baraka nikaangalia, wiki sita, kumi, kumi na nne, muhuri tatu za zambarau, dondakoo iko humo ndani ya sindano moja na kifaduro na pepopunda na zingine mbili, na nilimpeleka zote tatu bila kujua nakinga nini. Nilijua tu atalia na usiku atakuwa na joto. Surua ni miezi tisa na kumi na minane, hiyo nilijua. Ya tetekuwanga haiko kwa zile za bure.

Shule nazo walizifunga wakichoka. Pesa ya serikali ilifuata mahudhurio, kwa hivyo hedimasta hakupenda viti vitupu, na watoto wenyewe walipewa medali za kutokosa hata siku moja, yaani mtoto anakuja na surua ili asipoteze medali. Madaktari wengi wa miji waliishia kusema kufunga shule mjini hakusaidii, watoto wanaenda tu kucheza pamoja barabarani. Wewe mwenye ulikuwa hapa 2020, shule zimefungwa tangu mwezi wa tatu, unakumbuka korido za ploti zilikuwaje.

Na msifikiri sisi hatujui haya mambo ya kuchoma na kutenga. 1902 tauni iliingia bazaari ya Wahindi hapa Nairobi, daktari wa serikali akaagiza ichomwe yote. Mbagathi, wazee bado wanaiita IDH, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ilijengwa miaka ya hamsini kwa kazi hiyo hiyo, surua na kifua kikuu na wenzake. Mama yangu mpaka leo ukisema IDH anapunguza sauti.

Basi turudi kwa ploti. Siku ya kumi na tano baada ya ile Jumatatu nikaona Shiro, mwenye ako deikea moja na Baraka, ametoka vipele. Nilihesabu, tetekuwanga inachukua siku kumi mpaka ishirini na moja, hakuna njia ya kujidanganya. Na yeye alipata vibaya kuliko wangu, mpaka ndani ya mdomo, hali uji. Mama Shiro akakaa nyumbani siku sita, siku sita bila Donholm.

Nilikaa na hiyo kitu tumboni siku kadhaa. Jumamosi jioni nikapeleka losheni ya kalamini iliyobaki na soksi za kuvalisha mikono, za Baraka, ndio asijikune akapata makovu. Alikuwa anaosha sufuria mlangoni. Nikamwambia, Mama Shiro, ni mtoto wangu alianza. Nilijua na bado nikamleta.

Hakuinua kichwa. Akamwaga maji kwa mtaro, akachota mengine.

"Si nilijua, Mama Baraka. Polo neki na hilo jua?"

Nikaomba msamaha. Akasema wacha. Halafu akaniangalia kidogo, akacheka ile ya pembeni. "Na wewe unafikiri Shiro alianza lini? Alianza Ijumaa ya wiki ile ingine. Jumamosi yake alikuwa deikea. Nilikuwa na nguo za watu nyumba mbili."

Tukakaa hapo kwa ngazi. Nilimwambia habari ya Leicester, vile waliowekwa ndani walilipwa siku zao, akaniuliza nani alilipa, nikasema baraza la mji, akasema ngoja akina kaunti wetu wasikie watazimia. Nikamtumia mia nane kwa M-Pesa, siku mbili za kufua, yale nilikuwa nayo. Alirudisha mia mbili na ujumbe, "nunulia Baraka matunda". Sijui hiyo hesabu aliipigaje.

Mama wa deikea naye hajasema kitu kwa mtu yeyote, lakini tangu hiyo wiki anasimama kwa geti asubuhi na tochi ya simu. Kila mtoto anaingizwa kidole kwa kola, shingo inaangaliwa, tumbo linafunuliwa, mkono unageuzwa. Baraka leo alijifunua mwenyewe kabla hajaambiwa, akanyoosha na ulimi. Akaangaliwa yale makovu mawili yamebaki chini ya sikio, akaambiwa pita.